Sadaka Itokayo Mfukoni mwa Jirani

Liko swali ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huliona jepesi, hata aweza kucheka. Swali lenyewe ni hili: Je, ni halali mtu mwenye riziki yake kufanya kwa kujifurahisha kazi ile impayo jirani yake chakula? Wengi watajibu upesi, "Kwa nini isiwe halali? Mikono ni yake, na saa ni zake." Nasi tulijibu hivyo kwa muda wa mwaka mzima, mpaka mzee mmoja alipotuuliza neno ambalo hatukuweza kulijibu. Twataka kulieleza jambo hili tangu mwanzo wake bila kujificha, maana kosa lenyewe lilikuwa letu.

Kazi yetu ni kufundisha shule, na mshahara wetu, ijapokuwa si mkubwa, huja kila mwezi. Lakini twakaa katika milima ya Upare, nchi ambayo sifa yake ya kale ni chuma. Wazee wetu walikusanya mchanga mweusi wa chuma katika vijito, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, na Wachaga wa Kilimanjaro walikinunua chuma hicho ili wafue mikuki na majembe. Ukoo wa Washana ndio walioshika uhunzi, na habari za kale za Ugweno zasema kwamba hao ndio waliotawala kwanza, kabla ya Wasuya kuwaondolea utawala. Mtu aliyekulia katika nchi kama hii, akisikia mlio wa nyundo juu ya fuawe, moyo wake hauwezi kutulia. Basi siku moja tukasema, "Na tujaribu."

Tulitwaa ringi kuukuu ya gurudumu la gari, tukaikandika ndani kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, tukaacha katikati shimo kiasi cha bakuli. Chini yake tukapitisha bomba la kuleta upepo. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi hatukuwa nayo. Tukasimamisha gurudumu la baiskeli katika panda za mti, nalo kwa ukanda wa mpira likazungusha pangaboi dogo lililofungiwa ndani ya kopo. Fuawe yetu ilikuwa kipande cha reli, urefu wake dhiraa moja, tulichonunua kwa muuza vyuma vikuukuu. Tulikikaza juu ya gogo, kimo chake kikifika penye vifundo vya vidole vya mtu asimamaye wima na kukunja ngumi. Maana fuawe ikiwa chini mno mgongo huuma, na ikiwa juu mno nyundo hukosa nguvu. Nyundo ilikuwa ya ratili mbili. Koleo tulilifua wenyewe kwa nondo. La kwanza tukaliharibu, na la pili vilevile, la tatu likashika. Ndoo ya maji na ndoo ya mchanga tuliziweka karibu, ili moto usije ukaila nyumba.

Hapa yatupasa kumwonya msomaji atakayependa kujaribu. Bomba letu la kwanza lilikuwa limepakwa zinki. Lilipopata moto likatoa moshi mweupe, nasi kwa ujinga tukauvuta. Usiku ule tukashikwa na baridi na homa kama mtu mwenye malaria, na mwili ukauma hata asubuhi. Chuma kilichopakwa zinki kisitiwe motoni kabisa.

Tulipokwisha kuyapita hayo, tulipata furaha ambayo hatukuitazamia. Moto haumstahi mtu. Chuma kikiwa chekundu kama damu, bado ni kigumu. Kikifika rangi ya chungwa lililoiva na kwenda kwenye njano, chatii nyundo. Kikirusha cheche nyeupe kama nyota, kinaungua, wala hakifai tena. Tulijifunza ya kuwa msumari laini, hata ukizamishwa majini ungali mwekundu mara kumi, haushiki ugumu, kwa sababu kaboni iliyomo ni kidogo mno. Bali springi ya gari, ambayo kaboni yake ni kama sehemu 6 katika 1,000, hushika ugumu sana. Tulijifunza tena ya kuwa sumaku huacha kukivuta chuma kifikapo joto la digrii 770 hivi za sentigredi, na ya kuwa chuma cha springi huzimwa kinapopita hapo kidogo. Darasani sisi ndio tuwasahihishao watoto. Nyuma ya jiko letu chuma ndicho kilichotusahihisha sisi, wala hakikutuonea haya.

Haukupita muda, majirani wakaanza kuja. Wa kwanza alileta mundu uliopinda. Wa pili alileta jembe lililolika, akaomba makali yake yafuliwe upya. Alipouliza bei tulikataa, tukasema, "Sisi si wahunzi, twajifurahisha tu. Nenda kwa amani." Wiki ya pili yalikuja majembe matatu, na kabla ya mvua za masika yalifika kumi na mawili, yamelazwa mlangoni kama wagonjwa penye zahanati. Tuliyatengeneza yote bure. Watu wakatusifu, hata kanisani mmoja alisema kwamba laiti wenye elimu wote wangekuwa hivyo. Nasi, twakiri, tuliyapenda maneno hayo.

Katika siku hizo tulifua kisu kwa springi ya gari, tukakizima majini, tukakiona kizuri. Kilianguka sakafuni siku ileile, kikavunjika vipande viwili kama sahani. Hatukujua sababu. Ng'ambo ya kijito anakaa mzee mmoja mhunzi, ambaye baba yake na babu yake walikuwa wahunzi. Basi tukavitwaa vile vipande, tukamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, keti."

Alivishika vile vipande, akatazama palipokatika, akauliza, "Ulikizima kwa maji?" Tukasema, "Naam." Akasema, "Springi haiyapendi maji, huipasua. Izime kwa mafuta. Na tena baada ya kuizima hukuirudisha motoni." Ndipo alipotueleza ya kuwa chuma kilichozimwa tu kina ugumu wa kioo na udhaifu wa kioo; sharti kisuguliwe mpaka kingʼae, kisha kipashwe polepole, mtu akiutazama uso wake ukibadilika rangi. Kwa kisu hukomeshwa ufikapo rangi ya majani makavu; kwa kitu kitakacho kupinda bila kuvunjika huachwa mpaka rangi ya samawati. Akawasha moto, akatuonyesha yote kwa mkono wake mwenyewe. Hakuficha neno, wala hakudai malipo.

Alipokuwa akifanya hayo tulitazama pande zote. Mkaa ulikuwa umeshika vumbi. Ukuta ule ambao kila mwaka, mvua zikikaribia, huegemezwa majembe ya watu, ulikuwa mtupu. Tukaelewa kwamba moto ule uliwashwa siku ile kwa ajili yetu tu. Tukauliza, ingawa tulikwisha kuogopa jibu, "Mzee, mwaka huu kazi iko wapi?"

Akacheka, akasema, "Kazi iko kwako, mwalimu."

Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Je, nikija mimi shuleni kila asubuhi nikawafundisha watoto hesabu bure, na wakubwa wako wakaona kwamba hesabu sasa yapatikana bure, wewe utakula nini?"

Tulirudi nyumbani bila jibu. Usiku tulitafuta maneno ya kujitetea, nayo yalikuwa matatu. Twataka kuyapima hapa moja moja, kwa kuwa si maneno ya kipumbavu, na msomaji huenda anayo yeye pia.

La kwanza: ujuzi si shamba la mtu, hauna mipaka wala hati. Kila mwenye bidii aweza kujifunza. Neno hili ni kweli, na liko jambo la Marekani lilithibitishalo. Huko kazi ya mhunzi wa kijiji ilikaribia kufa, kwa sababu viwanda vilifanya vyombo vyote, na magari yakachukua mahali pa farasi waliokuwa wakifuliwa viatu. Walioiamsha tena wengi wao walikuwa watu wenye kazi nyingine. Alex Bealer wa Atlanta, ambaye riziki yake ilitoka katika kazi ya matangazo, aliandika kitabu juu ya uhunzi kilichotolewa mwaka 1969. Na mwaka 1973 watu wachache walikutana katika jimbo la Georgia, wakaanzisha chama cha wahunzi wa Amerika ya Kaskazini, ambacho kimeendelea. Leo watu wengi huko wana tanuri nyuma ya nyumba zao, nao hufua kwa kupenda tu. Ni jambo jema. Lakini angalia: mkate wa mhunzi wao ulikuwa umekwisha kuondolewa mezani na viwanda. Wao waliokota kilichotupwa. Mzee wetu hajakitupa kitu. Angali anakula kwacho. Nyundo ni ileile, na moto ni uleule, ila tendo si moja. Kuokota njiani si sawa na kutwaa katika sahani ya mtu.

La pili: tuliwasaidia maskini. Neno hili ndilo lililotutia moyo zaidi, na ndilo lililotuhukumu zaidi. Kulifua upya jembe moja kwa yule mzee ni shilingi 2,000. Sisi tulipomwambia mtu, "Nenda bure," tulipoteza nini? Mkaa kidogo, na saa moja ambayo tungeitumia kwa mazungumzo. Chakula chetu cha jioni hakikupungua hata punje. Lakini nyumba ya ng'ambo ya kijito ilipungukiwa shilingi 2,000 kwa kila jembe. Basi nani aliyetoa sadaka ile? Sisi tulipokea shukrani, na mzee akalipa gharama, wala hakuulizwa kama ana nia ya kutoa. Tulikuwa wakarimu kwa mfuko wa mtu mwingine. Torati yakataza mtu kuchukua rehani jiwe la kusagia la jirani yake, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuuchukua uhai wake. Sisi hatukuichukua fuawe ya mzee, lakini tuliifanya iwe kimya, na kwa mwenye njaa mambo hayo mawili hayapitani sana.

La tatu: sokoni kila mtu hushindana, na asiyeweza na atafute kazi nyingine. Hili nalo lina ukweli wake, wala hatusemi kwamba mhunzi mmoja awe mfalme asiguswe. Wahunzi wawili wakishindana, kila mmoja hana budi kutoza kiasi cha kumlisha yeye na watoto wake; hapo mwenye bidii na mwenye akili hushinda, na kijiji chafaidika. Lakini sisi tulikuwa twalishwa na mshahara. Hatukumshinda yule mzee kwa kufua vizuri kuliko yeye, maana visu vyetu vilivunjika. Tulimshinda kwa kuwa tulikwisha kushiba mahali pengine. Hayo si mashindano.

Tena tuliona jambo ambalo hatukulifikiri kabla. Mtu alipapo shilingi 2,000 kwa mhunzi, hanunui mapigo ya nyundo tu. Anunua pia kwamba kesho moto utakuwapo. Jembe huvunjika siku lipendayo lenyewe. Sisi huwasha moto siku tupendayo sisi. Masika yakianza, kila mtu ataka jembe lake kwa wakati mmoja, na wakati huohuo sisi tuna daftari za watoto mia za kusahihisha. Mhunzi akikata tamaa akauza nyundo zake, ni nani atakayewangoja watu wenye majembe yaliyovunjika? Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 13, twasoma ya kuwa katika Israeli hapakuonekana mhunzi, watu wakalazimika kushuka kwa Wafilisti, adui zao, ili kunoa majembe na mashoka yao. Kijiji kisicho na mhunzi huwa chini ya mkono wa wengine, hata kama majembe ya bure yalikipendeza kwa msimu mmoja.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tanuri za kuyeyushia chuma katika nchi zetu zilizimikaje? Vyuma na majembe ya Ulaya yaliletwa, yakauzwa kwa bei nafuu, nao watu wakayanunua. Aliyenunua jembe la dukani hakumchukia mhunzi wa kwao. Alipenda unafuu tu. Katika miaka ya 1970 wataalamu walipotaka kujua jinsi Wahaya wa Bukoba walivyoyeyusha chuma, iliwabidi kuwaomba wazee waliokuwa wameiona kazi hiyo ujanani mwao, nao wakajenga tanuri kwa kukumbuka, wakaweka chini yake matete yaliyochomwa, na kuingiza mabomba ya udongo ndani yake ili upepo upate moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hizo mwaka 1978, wakaonyesha kwamba ujuzi huo ulikuwa wa miaka zaidi ya 1,500. Ujuzi wa urefu huo ulikuwa umebaki katika vichwa vya wazee wachache. Kitu cha bei rahisi kiliweza kufanya hayo. Je, kitu cha bure hakitaweza zaidi?

Basi msomaji atauliza, "Mlizima tanuri lenu?" Hatukulizima, na twafikiri haikutupasa. Mama apikaye nyumbani kwake hamnyang'anyi mwenye hoteli, wala baba aezekaye paa lake hamdhulumu fundi. Tena liko jema moja ambalo hatutaki lipotee. Wamasai walibeba mikuki iliyofuliwa na wahunzi wao, Ilkunono, lakini hawakutaka kuoana nao, wakawaweka kando. Sisi wenye shule tusiwacheke, maana nasi huila kazi ya mikono huku tukiidharau mikono yenyewe. Mwalimu aliyekwisha kuunguza vidole kwa koleo mbovu hawezi tena kumwita mhunzi mtu asiyejua kitu. Faida hiyo pekee yatosha kuuhalalisha moto wetu.

Lakini tuliuwekea mipaka. Twafua kilicho cha nyumba yetu, na kile tukifanyacho kwa kujifunza. Hatupokei kazi ya mtu mwingine ambayo mzee aweza kuifanya. Ajaye na jembe twamwonyesha njia ya kijitoni. Na kama twataka kumsaidia mtu asiye na kitu, twatoa kilicho chetu. Mama mmoja mjane alikuja siku ileile tulipoanza kanuni hii. Tulimpa shilingi 2,000, tukamwambia alipeleke jembe kwa mzee. Fedha hiyo tulihisi ikitutoka, na hapo ndipo tulipojua kwamba majembe yale kumi na mawili ya kwanza hayakutugharimu kitu.

Tusiseme kwamba mambo yote yalitengenezeka. Wengine walikasirika, wakasema mwalimu ameanza kuringa. Wengine, waliokwisha kuzoea cha bure, hawakurudi kwa mzee. Wameona heri wangoje mpaka wanunue jembe jipya dukani. Tuliwazoeza kwa msimu mmoja, na kuwazoeza kinyume chake kwachukua misimu mingi. Mzee naye hakutushukuru, wala hatukuona sababu ya yeye kushukuru kwa kurudishiwa kilicho chake. Ila Jumamosi moja kazi zilipomzidi alimtuma mjukuu wake atuite. Tangu siku hiyo, wakati wa msimu, huenda kumpigia nyundo kubwa. Yeye hugusa chuma kwa nyundo yake ndogo, akituonyesha mahali, nasi hupiga pale alipogusa. Tumejifunza katika Jumamosi chache yale ambayo mwaka mzima nyuma ya jiko letu haukutufundisha.

Ndugu msomaji, huenda wewe hufui chuma. Huenda una cherehani, nawe huwashonea jirani zako bure usiku. Huenda wanyoa nywele za vijana chini ya mwembe, au watengeneza baiskeli za marafiki. Hatukukatazi. Mikono iliyolala haimfai mtu, na upendo usiotoa kitu ni maneno matupu. Twakuomba tu, kabla hujasema "Nenda bure," ujiulize ni nani kijijini aliyekuwa akila kwa kazi hiyo, kisha uende ukamsalimu na kukitazama kibanda chake. Ukimkuta ana kazi tele, furahi na uendelee. Ukiukuta ukuta wake mtupu, jua kwamba zawadi yako yalipwa na yeye, nawe urudi nyumbani ukafungue mfuko wako mwenyewe.